Kilonzo na Indiketa ya Kushoto

Kabla ya mwaka wa sabini na nne, lori la Kilonzo halikuwa na indiketa hata moja, na hakuna aliyeona kasoro. Lilikuwa na mkono wa Kilonzo.

Huyu Kilonzo alikuwa mtu wa Kathonzweni, mzee wa kanisa, mwembamba na mrefu kiasi kwamba ndani ya ile Bedford yake ya kijani alikaa ameinamisha shingo. Alibeba pojo, kunde na mbaazi kutoka kwa wakulima wa kwao mpaka Voi, na kurudi na sukari na mabati. Mkono wake wa kulia ulikuwa mweusi kuliko wa kushoto kwa sababu ulishinda nje ya dirisha. Akiunyoosha, kiganja kikitazama chini, aliye nyuma alijua mbele kuna gari, atulie. Akiupunga kwenda mbele, basi njia nyeupe, pita. Madereva wa barabara ile walimwamini kuliko walivyoamini macho yao wenyewe, na hakuna hata mmoja aliyewahi kujuta.

Mimi ni Salim Faki, fundi wa umeme wa magari hapo Kambu. Nimezaliwa Kitui mjini, katika zile familia za Waswahili ambao babu zao walipanda kutoka pwani na biashara zao, wakanogewa, wakabaki. Nikahamia Kambu kwa sababu magari yanaharibikia barabarani. Na niseme mapema, unyenyekevu si katika vipaji alivyonijalia Mungu. Taa niliyoifunga mimi inawaka, na asiyependa kusikia hivyo na apite zake.

Mwaka ule askari wa barabarani walianza kurudisha malori yasiyo na indiketa. Kilonzo akaja kwangu amenuna.

"Fundi," akasema, "hawa watu wanataka niweke taa ya kusema mimi naenda wapi. Si mkono iko?"

"Usiku mkono hauonekani, mzee."

"Usiku mimi nalala."

"Basi na askari hawautaki tena. Leta lori."

Alikaa juu ya pipa la mafuta akanitazama nikivuta waya siku nzima, kama mtu anayetazama nyumba yake ikibomolewa. Nilifunga taa nne za rangi ya chungwa, mbili mbele, mbili nyuma. Kwenye dashibodi nikaweka swichi ya kupandisha na kushusha: juu ni kulia, chini ni kushoto, katikati zimezimwa. Halafu nikamwonyesha flasha, kile kidude kidogo cha bati kinachokata moto wa umeme na kuurudisha ili taa zipepese. Kikifanya kazi hulia: tik-tok, tik-tok.

"Hiki ndicho kitakachokukumbusha," nikamwambia. "Gari za kisasa swichi hurudi yenyewe ukinyoosha usukani. Hii yako hairudi. Lakini ukisahau, utasikia. Hebu sikiliza."

Akatega sikio, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. "Inatembea kama saa ya mwalimu." Kisha akanitazama. "Lakini fundi, mkono ikichoka inashuka yenyewe. Hii taa yako itachoka lini?"

Nikacheka sana. Nikamwambia taa za Salim hazichoki.

Baada ya muda mfupi tu akawa bingwa wa taa kama alivyokuwa bingwa wa mkono. Maana madereva wa malori walikuwa wamehamishia lugha yote kwenye indiketa. Lori lililo mbele yako likiwasha kulia nalo halina pa kukata kona, linakwambia usipite, kuna kitu kinakuja. Likiwasha kushoto, linakwambia pita. Kitabu cha sheria hakina habari hiyo. Kwa kitabu, kushoto ni kushoto. Lakini barabara ya Mombasa ina mila zake, na mgeni asiyezijua alikuwa akifunzwa na matingo, wale wasaidizi wa madereva wa mabasi, kwa matusi.

Mkewe, Nthenya, alisafiri naye kila safari. Alikuwa na biashara yake mwenyewe ya pojo, mama mnene mcheshi, mwenye kujua bei za masoko yote. Niliona jambo moja, nikalitia utani. Kila waliposimama kwangu, Nthenya alikuwa akimgusa Kilonzo pajani. Gari likipiga honi, anamgusa. Mtu akimwita kutoka nyuma, anamgusa.

"Mama, nanyi hamchoki na mapenzi?" nikamuuliza. "Uzeeni humu?"

Alicheka mpaka akafuta machozi kwa leso. Mimi nikajiona nimesema jambo la maana.

Baada ya ile njaa ya mwaka wa themanini na nne mvua zilirudi vizuri, na Kilonzo akawa na mizigo mingi kuliko zamani. Ndipo binti yao aliyeolewa Kwa Vonza akajifungua mapacha, na Nthenya akaenda kumlea. Kilonzo akabaki peke yake ndani ya lori. Wapakiaji aliwapata sokoni kila alikosimama, lakini kiti cha pembeni kilikuwa kitupu.

Katika miezi hiyo ndipo lilipotokea la pikapu ya kwaya.

Kwaya ya kanisa lao la Kathonzweni ilikuwa imealikwa kuimba Mtito Andei. Mwalimu wa kwaya, kijana mmoja makini aitwaye Mutie, aliazima pikapu, akawapakia akina mama nyuma, wakateremka wakiimba. Walipovuka Kibwezi wakalikuta mbele lori la Kilonzo likipanda polepole na magunia yake. Wakashangilia. Ni mzee wao, anayekaa kiti cha mbele kanisani kila Jumapili wanapoimba. Mutie akatulia nyuma yake akingoja ishara. Akaona indiketa ya kushoto inapepesa. Kwa Mutie, na kwa dereva yeyote wa pande zile, hiyo ilikuwa ni Kilonzo kumwambia, pita mwanangu.

Akapita. Juu ya kilima akakutana uso kwa uso na lori la tangi la mafuta.

Mungu ni mkubwa. Mutie alikata usukani, pikapu ikavuka lami, ikaingia kwenye vichaka ikalala ubavu. Hakufa mtu. Walichubuka, waling'oka meno, na Syombua, mwimbishaji wao, mama mwenye sauti ambayo hata sisi wa msikitini tuliijua, alivunjika mguu mahali pawili.

Mimi nilifika na watu wengine wa Kambu kusaidia kuwatoa. Kilonzo alikuwa ameshafika, amembeba mama mmoja mikononi kama mtoto. Mutie alisimama barabarani damu ikimtoka puani, anapiga kelele, "Mzee, si ulinipatia kushoto? Si ulinipatia kushoto?"

"Mimi nilipitisha basi huko chini," Kilonzo akajibu alipomwona usoni, "nikazima. Nyinyi sikuwapatia kitu."

Askari walikuja wakapima, wakasema makosa ni ya aliyepita kilimani, na indiketa ya kushoto haimpi mtu ruhusa ya kupita popote nchini Kenya. Kwa sheria, Kilonzo alikuwa msafi. Lakini kanisani kwao haikuisha hivyo. Mmoja wa watu wawili waaminifu alikuwa amesema uongo, na kwa kuwa Kilonzo hajawahi, basi ni Mutie. Akina mama wakakataa kuimbishwa naye. Nyumbani kwa Syombua akisalimu anaitikiwa na mbwa.

Wiki ile Kilonzo akaniletea lori. Akaniomba nitazame kama swichi inaweza kujiwasha, au kama kuna waya unagusana na mwingine. Niliona jinsi alivyokuwa anatamani nimwambie ndiyo. Nikamwambia akae ndani, ashushe swichi kushoto, nami nikaenda nyuma.

Taa ilipepesa vizuri. Nikatikisa waya, nikagonga ubao, nikatikisa tena. Hakuna hitilafu.

"Zima!" nikaita.

Taa ikaendelea. "Zima, mzee!" Ikaendelea. Mimi hasira zangu ziko karibu, nikaona huyu mtu ananichezea. Nikapiga ubavu wa lori kwa kiganja, nikazunguka mpaka dirishani na maneno yangu yamejaa mdomoni.

Sikuyasema. Kilonzo alikuwa amekaa mikono juu ya mapaja, ametulia, anatazama kuku wa jirani barabarani. Ndani ya kebini flasha ilikuwa inalia tik-tok, tik-tok, inajaza kote, ungedhani ni mtu anagonga mlango. Na yeye amekaa kama mtu aliye katika chumba kimya. Aliponiona akageuka. "Umemaliza?"

Nikapenyeza mkono, nikarudisha swichi katikati. Akautazama mkono wangu, kisha akanitazama mimi, akajua kwamba nimejua. Ndipo nilipoelewa kile kiganja cha Nthenya, na nikauonea haya utani wangu.

"Tangu lini?" nikamuuliza, nikitamka polepole.

"Imekuja pole pole. Hii injini imekaa karibu na sikio langu miaka mingi." Akashuka, akaegemea mlango. "Fundi, wacha nikwambie. Pale kwa ajali nilisema nimezima, na nilijua nimezima. Nikarudi ndani ya lori nikapata swichi iko chini. Nikaipandisha. Nikanyamaza."

"Kwa nini, mzee?"

"Wakijua sisikii, nani atanipatia mzigo? Mimi sina shamba ya maana. Sijui kazi ingine. Mimi ni hii lori." Macho yalimjaa maji. "Usiseme, Salim."

Nilimhurumia mpaka nikakasirika, na sijui nilimkasirikia nani. Nikaingia kibandani, nikafungua redio kaseti iliyokufa, nikang'oa kile kitaa chake chekundu, kidogo kama punje ya mahindi, cha aina ile isiyopata joto wala kuungua. Nikakiwekea kizuizi kisipewe moto mwingi, nikakiunga na nyaya za indiketa, nikakipachika kwenye dashibodi mbele ya macho yake kabisa. Akashusha swichi. Kitaa kikapepesa, chekundu, kikali, mchana kweupe.

Laiti ungemwona! Alizima akawasha, akazima akawasha. "Sasa naisikia na macho!" akasema, akanishika bega kwa nguvu.

"Taa utaiona," nikamwambia. "Na honi?"

Furaha ikamshuka usoni. "Nthenya atarudi," akasema.

"Na Mutie?"

Hapo akajifanya hakusikia. Mtu anaweza kuwa kiziwi kweli na bado akajifanya.

Kwa Wakamba, aliyemuumiza mwenziwe haendi kwake mikono mitupu. Anapeleka mbuzi, anachinjwa, wanakula pamoja, na neno linakwisha. Mutie, ingawa aliapa hana uongo, alinunua mbuzi akampeleka nyumbani kwa Syombua. Lakini mzee Mulei, mkubwa wa ukoo wa akina Syombua, akakataa achinjwe. Alisema mbuzi wa asiye na kosa akiliwa, kosa lenyewe linabaki mlangoni limesimama. Ijulikane kwanza mbuzi huyu ni wa nani. Basi wakaita watu: Mutie, Kilonzo na Nthenya, aliyerudi kutoka Kwa Vonza kwa sababu hiyo, kwaya, na mimi fundi wa zile taa.

Tukakaa uani kwa Syombua mchana. Yeye alikuwa kwenye kiti, mguu umefungwa plasta na kunyooshwa juu ya kigoda, mbuzi amefungwa nguzoni anakula majani bila habari. Mutie akasema aliyoyaona. Mzee Mulei akamgeukia Kilonzo, na Kilonzo, baada ya Nthenya kumsogelea na kumrudia swali sikioni kama mke anayemnong'oneza mumewe, akajibu kwa kifupi, "Yangu nilisema siku ile."

Basi tukakwama. Na watu wakikwama hutafuta mlango wa nyuma. Mzee Mulei akakuna kidevu, akanitazama.

"Labda hakuna mtu mwongo hapa," akasema. "Mutie aliona taa. Kilonzo hakuwasha taa. Si hiyo taa ilijiwasha? Hizi waya za watu wa Kambu, nani anazijua?"

Ungesikia uwanja ulivyopumua! Kila mtu aliipenda hiyo. Mama mmoja akapiga makofi. Mwingine akasema aliwahi kuona redio ikijiwasha yenyewe. Ilikuwa tamu, haikumwacha Mutie mwongo wala Kilonzo mzembe. Iliniacha mimi tu, mtu wa kuja, Mswahili.

"Basi mbuzi ni wa Salim," mzee Mulei akahukumu, na watu wakacheka kwa raha.

Damu ilinipanda. Taa zangu! Miaka na miaka nimefunga taa katika barabara ile na hakuna hata moja iliyowahi kujiwasha. Nikasimama niwape ukweli wote na nyongeza. Kisha nikamwona Kilonzo. Alikuwa anaangaza macho kutoka uso hadi uso, anaona watu wanacheka, naye hajui wanachekea nini, akatabasamu kidogo ili isijulikane kwamba hasikii. Lile tabasamu lilinivunja. Nikawaza, mbuzi ni mbuzi tu, na jina langu litapata matope kidogo, lakini wapo watakaonitetea. Huyu akipoteza lori amebakiwa na nini?

"Haya," nikasema. "Huenda waya ulilegea. Mbuzi nitalipa mimi."

Kilonzo alikuwa ananitazama midomo. Akamgeukia Nthenya. "Fundi anasema nini?"

Nthenya akasita. Nilimwona akisita, na ninaamini ule ndio ulikuwa wakati mgumu kuliko yote katika ndoa yao, kwa sababu angeweza kumwambia lolote. Kisha akauweka mdomo sikioni mwa mumewe, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: "Anasema makosa ni yake. Anasema taa yake iliharibika."

Kilonzo akainuka. Aliinuka kwa shida kama mtu aliyebeba gunia.

"Apana," akasema. "Fundi asilipe. Ile taa haina makosa. Mimi nilipitisha basi nikasahau kuzima. Siku ile nilisema nimezima, nikarudi nikapata haijazimwa, nikanyamaza. Mutie, wewe uliona vizuri. Mimi nilikupatia kushoto." Akapumua. "Ile kitu inalia kunikumbusha, mimi sisikii. Honi sisikii. Ata nyinyi saa hii naona midomo tu. Nthenya ndiye alikuwa ananisikilizia. Nilijua nikisema, hii lori imeisha. Basi imeisha."

Akatoa ufunguo mfukoni, akaenda akamwekea Mutie mkononi. Mutie akautazama, akamtazama yeye, kisha akamkumbatia yule mzee kiunoni kwa sababu hakufika mabegani, akalia kwa sauti. "Mzee," akasema, "mimi nilikuwa nimeanza kuamini niliota." Sidhani kama Kilonzo alilisikia neno hilo, lakini alimpigapiga mgongoni.

Mzee Mulei alitazama chini. Hapo Syombua, ambaye siku nzima hakuwa amefungua mdomo, akamwita Nthenya amuulizie swali lake.

"Muulize," akasema, "yeye anakaa mbele kila Jumapili tukiimba, anatikisa kichwa, anapiga makofi. Miaka yote hii, amekuwa akisikia nini?"

Nthenya akamuuliza. Kilonzo akafikiri, akajibu kwa unyofu wa mtoto.

"Nawaona mkifurahi," akasema. "Na mimi nafurahi."

Syombua akafumba macho. Kisha akamwashiria Kilonzo asogee, akamvuta shati mpaka akapiga magoti kando ya ule mguu wenye plasta, akamshika kichwa, akaliweka sikio lake karibu kabisa na mdomo, akaimba. Aliimba kwa nguvu zake zote ule wimbo waliokuwa wanaupeleka Mtito Andei. Wale akina mama wengine wakainuka mmoja mmoja wakaja kumzunguka, wakajiunga, na Mutie naye akashika sauti ya chini huku kamasi zikimtoka.

Kilonzo alibaki amepiga magoti. Nilimwona usoni wakati sauti ilipomfikia. Machozi yalimteremka mpaka kidevuni na hakuyafuta.

"Kumbe ndiyo hii!" akasema kwa sauti kubwa, ile ya mtu asiyejisikia. "Kumbe ni nzuri hivi! Na mimi nilikuwa napiga makofi tu."